Kiswahili Kilipopitia: Ziara ya Mafunzo katika Miji ya Kasese na Bwera

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua, mwezi wa Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, walimu wenzetu wamekuwa wakituuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Mwanafunzi wa bara, ambaye hajapata kuiona bahari wala dau, apelekwe wapi ili akione Kiswahili kikiwa hai midomoni mwa watu? Jibu linalokuja upesi ni Mombasa au Unguja, na kwa shule yenye fedha hilo ni jibu zuri. Shule nyingi hazina fedha hizo. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kupendekeza safari nyingine, ya siku mbili tu, katika miji ya Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda, miguuni mwa milima ya Rwenzori. Na kwa kuwa ziara isiyo na historia ni matembezi matupu, tutakieleza kila kituo pamoja na mambo yaliyokifanya kiwe kilivyo.

Desturi ya kuwafundisha vijana historia kwa kuwatembeza si ngeni duniani. Huko Korea Kusini, kwa vizazi kadhaa sasa, shule zimekuwa zikiwapeleka wanafunzi Gyeongju, mji mkuu wa kale wa ufalme wa Silla, wakapite kati ya makaburi ya wafalme yanayofanana na vilima vya majani, na kuliona hekalu la Bulguksa. Hulala pamoja, hula pamoja, hucheka sana, na wanaporudi darasani jina lililokuwa la kukariri huwa ni mahali walipotembea. Ama Kasese haina hekalu wala makaburi ya namna hiyo. Kumbukumbu zake ni stesheni isiyo na treni, machimbo ya shaba, mabwawa ya chumvi na soko la mpakani. Sisi tunaona kwamba hizo zinatosha, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili pengine zinazidi.

Kabla ya kuondoka shuleni, mwalimu hana budi kuwaeleza wanafunzi wake jambo ambalo kila Mganda mtu mzima analijua: Kiswahili katika nchi hii kimebeba jina baya. Gavana William Gowers alipotaka kukieneza mashuleni mwaka 1927, upinzani ulikuwa mkali, na Kabaka Daudi Chwa akaupinga mpango huo kwa maandishi mwaka 1929. Kilibaki kuwa lugha ya askari wa King's African Rifles na ya polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikisikia kama amri nyingine ya jeshi. Hata baada ya Katiba kurekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kutajwa kuwa lugha rasmi ya pili, wazazi wengi waliendelea kusimulia kwamba walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki, naye hakuwa akiwasalimu.

Masimulizi hayo ni ya kweli, wala hatushauri yafichwe. Lakini si yote. Kasese na Bwera ni miongoni mwa mahali ambapo Kiswahili kiliingia pia kwa mlango mwingine, mlango wa kazi na wa biashara, bila gavana wala amri. Na zaidi ya hayo, hii ni nchi ambayo watu wake waliwahi kuteta, na hatimaye kupigana, kwa sababu miongoni mwao ikiwa lugha ya darasani. Mwalimu wa Kiswahili anayepita Kasese bila kulijua hilo anapita kama kipofu. Ndiyo maana tumeichagua.

Ziara na ianzie katika stesheni ya reli ya Kasese, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Uwanda huu una joto ambalo mgeni atokaye Fort Portal au Kabale halitarajii. Mji wenyewe ni mtoto wa reli. Njia ya kutoka Kampala kuja magharibi ilianza kujengwa mwaka 1951, ikapita zaidi ya kilometa 300 za mabonde na mabwawa ya mafunjo, ikafika hapa mwaka 1956. Haikuletwa kwa ajili ya abiria. Ililetwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na pamba na abiria wakafuata nyuma. Shirika lililoiendesha, East African Railways and Harbours, lilikuwa limeundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Hivyo mfanyakazi wa Kasese alikuwa katika utumishi mmoja na wa Mombasa, Tabora na Kisumu. Lugha ya kuelewana katika utumishi huo, chini ya Kiingereza cha makaratasi, ilikuwa Kiswahili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mashirika yake yakagawanywa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 safari za treni za Kasese zikakoma. Wanafunzi wataiona njia yenyewe imemezwa na majani. Hapa tunashauri mchezo wa kwanza. Wagawanywe makundi, kila kundi liandike maneno yote ya reli linayoyajua, kisha lijaribu kutaja asili ya kila neno. Watagundua kwamba reli, stesheni na tiketi yametoka Uingereza. Karani na gari yamevuka bahari kutoka Bara Hindi. Behewa ni la Kiarabu. Na kwamba katika gari la moshi, gari ni mgeni na moshi ni mwenyeji. Somo zima la ukopaji wa maneno, ambalo darasani huchukua vipindi viwili na kuacha watoto wamesinzia, huisha katika nusu saa juu ya jukwaa la stesheni.

Kutoka hapo basi lipande Kilembe, zaidi kidogo ya kilometa 10, kwa kufuata bonde la mto Nyamwamba. Tunaomba mwalimu asiharakishe hapa. Habari za shaba katika milima hii zilijulikana tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini kujua mahali madini yalipo si kuyachimba. Ilibidi kungojea mambo mawili: reli ya kuyasafirisha na umeme wa kuyayeyusha. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, reli ikafika mwaka 1956, na mwaka huo huo machimbo yakaanza kazi chini ya kampuni ya Kikanada. Mawe yalisagwa na kuchujwa Kilembe, yakashushwa Kasese, yakapelekwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa, na shaba ikaendelea hadi bandari ya Mombasa. Mwanafunzi akishika ramani na kuifuata njia hiyo kwa kidole, ataona kwamba bonde hili lililojificha mlimani lilikuwa limefungwa kwa uzi mmoja na pwani ya Waswahili.

Maelfu ya watu walikuja kufanya kazi Kilembe. Walikuwapo Wakonzo wenyeji wa mlima, Watoro, Wakiga, na watu wa sehemu nyingine nyingi za Uganda na za nchi jirani. Nyumba za safu walizojengewa zingalipo kando ya mto. Tumfikirie mchimbaji aliyeko ndani ya mlima, gizani, akitaka kumwonya mwenzake aliyezaliwa mbali na kwao kwamba jabali linaanguka. Hana wakati wa kutafuta mkalimani. Maneno ya kazi ya namna hii huwa machache, mafupi na ya wote, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotoa maneno hayo. Wazee waliofanya kazi machimboni wangali hai wachache, na ikiwa mmoja wao atakubali kuzungumza na wanafunzi kwa muda wa saa moja, hiyo itakuwa saa bora kuliko zote za safari. Maswali yatayarishwe mapema, na wanafunzi wafundishwe kwamba mzee huanza kwa kuamkiwa, haanzi kwa kuulizwa mshahara wake ulikuwa kiasi gani.

Serikali iliyachukua machimbo katikati ya miaka ya 1970, mafundi wa kigeni wakaondoka, vipuri vikaadimika, na mwaka 1982 uchimbaji ukasimama. Tangu wakati huo Kilembe imesikia ahadi nyingi. Kilichobaki kwa muda mrefu ni marundo ya mabaki ya machimbo, na kutoka katika mabaki yaliyorundikwa Kasese kampuni moja ilitoa madini ya kobalti kuanzia mwaka 1999 kwa zaidi ya miaka 10, ikitumia bakteria kuyatafuna mawe. Mwalimu wa sayansi akiambatana na safari, hapa ndipo pake. Na atakumbuka kuwaonya watoto wasinywe maji ya mto wala kuchezea udongo wa marundo hayo. Nyamwamba wenyewe si mto wa mzaha: mwaka 2013 na tena mwaka 2020 ulifurika, ukasomba nyumba na watu, na mafuriko ya 2020 yakaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe.

Jioni ya siku ya kwanza, baada ya kula na kuoga, wanafunzi wakusanyike mahali watakapolala, na mwalimu awasimulie habari za Rwenzururu. Twajua kwamba walimu wengine wangependa kuiruka sehemu hii. Tungewasihi wasiiruke, kwa kuwa inatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko mtu mwingine yeyote.

Wakonzo wa milima hii waliwekwa chini ya ufalme wa Toro wakati wa ukoloni. Watoto wao walifundishwa kwa Kitoro, walihubiriwa kwa Kitoro, na mtu aliyekwenda barazani akazungumza Kikonzo alionekana mshamba. Isaya Mukirane alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1954 alianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya Wakonzo, yaani kazi ile ile ambayo jarida hili linajaribu kuifanya: kukusanya, kuuliza wazee, kuandika. Kutoka katika kukusanya historia walikuja kuuliza kwa nini historia hiyo haimo katika vitabu vya shule. Mwaka 1962, yeye pamoja na Peter Mupalia na Yeremia Kawamara, wakiwa wajumbe katika baraza la Toro, walitoka barazani baada ya kukataliwa kutambuliwa watu wao. Mukirane akapanda milimani, harakati ikawa vita, naye akafariki mwaka 1966 bila kuona mwisho wake. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, alishuka kutoka milimani mwaka 1982 na vita ikaisha. Katikati ya hayo, mwaka 1974, sehemu hizi zilikuwa zimetengwa na Toro na kupewa wilaya yao. Mwaka 2009 serikali ikautambua ufalme wa Rwenzururu. Mwezi wa Novemba 2016 mapigano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa ufalme yaliua zaidi ya watu 100 katika mji huu huu wa Kasese. Mfalme alikamatwa, na hakurudi nyumbani hadi mwaka 2023.

Mwalimu asijifanye hakimu wa mambo hayo. Katika darasa lake wanaweza kuwapo watoto wa pande zote, na majeraha mengine ni mabichi. Linalomhusu ni hili la lugha. Kitoro hakikuwa na kosa. Ni lugha tamu, yenye adabu nyingi na majina ya heshima ambayo sisi tunayahusudu. Kosa lilikuwa ni kumwambia mtoto kwamba lugha ya mama yake haina nafasi shuleni. Ikiwa sisi nasi tutaingia Kasese na Kiswahili chetu sanifu tukiwa na fimbo mkononi, tukimcheka mtoto kwa lafudhi yake ya kimlima, watu wa hapa watatutambua mara moja, maana wametuona zamani kwa jina jingine. Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa ya chini umeruhusu kufundisha kwa lugha za wenyeji, na Kikonzo kimeingia darasani. Kiswahili na kije kikae kando yake. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba neno la kwanza ambalo kila mwanafunzi mgeni atajifunza katika ziara hii lisiwe la Kiswahili kamwe. Liwe ni wasingya, yaani asante kwa Kikonzo.

Siku ya pili basi liondoke mapema kuelekea kusini. Karibu na Kikorongo barabara hukatwa na mstari wa Ikweta, na hapo hakuna mwalimu atakayeweza kuwazuia wanafunzi wasisimame mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Wapewe dakika kumi, wapige picha, safari iendelee.

Ikiwa muda unaruhusu, Katwe isikosekane, ingawa iko nje kidogo ya njia. Ziwa dogo lenye chumvi, limekaa ndani ya shimo la volkeno ya kale, limegawanywa pembezoni kwa matuta ya udongo kuwa mamia ya mabwawa madogo, kila bwawa na mwenyewe, na mengi hurithiwa katika ukoo. Wengine huingia ziwani na kuvunja chumvi ya mawe kutoka chini ya maji, wakaileta pwani juu ya vyelezo. Kazi huwa nzuri wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, chumvi huyeyuka na jasho la wiki nzima hurudi ziwani. Kabla ya wakoloni chumvi hii ilisafiri mbali kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu, na kila mtawala aliyetaka nguvu katika sehemu hizi alitaka kwanza Katwe. Kabalega wa Bunyoro aliitaka. Lugard alipofika mwaka 1891 alijenga ngome hapa, akaiita Fort George.

Mwaka 1889 Stanley alipita Katwe akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, na wengi wa wapagazi wake walikuwa Wangwana wa Unguja. Basi sauti ya Kiswahili ilisikika kando ya ziwa hili zaidi ya miaka 130 iliyopita, na walioitoa walikuwa wapagazi, watu waliobeba mizigo ya wengine. Kwa upande wa lugha, wanafunzi waulizwe: chumvi huitwaje kwenu? Katika lugha nyingi za Maziwa Makuu watataja neno la jamii ya munyu. Kisha waambiwe kwamba munyu ni Kiswahili pia, neno la kale ambalo chumvi imelisukuma kando. Tumeona kwamba hakuna dawa bora ya kumwondolea mtoto wa bara woga wa Kiswahili kuliko kugundua kwamba sehemu kubwa ya lugha hiyo amekuwa nayo nyumbani. Karibu na ziwa kuna mabaki ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa katika miaka ya 1970. Mabomba yake yaliliwa na chumvi yenyewe, kikafa karibu na kuzaliwa, na wenye mabwawa wakaendelea na majembe yao.

Kutoka Kikorongo barabara ya Bwera huelekea magharibi. Njiani, upande wa milimani, iko Kagando, inayojulikana leo kwa hospitali yake. Hapo ndipo walipouawa kwa kunyongwa, mwaka 1921, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, viongozi wa Wakonzo walioukataa utawala wa wakoloni na wa Toro uliokuwa umewekwa juu yao. Wanafunzi waliosimuliwa jana habari za Mukirane wataelewa sasa kwamba mwalimu yule hakuanza jambo jipya, alilipokea.

Bwera na Mpondwe ni mahali pa kutumia muda uliobaki wote. Mto Lhubiriha ndio mpaka. Ng'ambo yake ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na njia iendayo Beni na Butembo. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipatana juu ya mipaka ya sehemu hizi, na watu wa kabila moja wakajikuta katika nchi mbili: huku wanaitwa Wakonzo, kule Wanande, na mazungumzo yao ni yale yale. Mtu anaweza kuzikwa na shangazi yake upande mmoja na kuoa upande mwingine. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, walimu wa Bwera walichekeshwa kidogo na hotuba kuhusu kuunganisha watu wa mpakani.

Katika soko la Mpondwe Kiswahili hakifundishwi, kinauzwa na kununuliwa. Mfanyabiashara wa Butembo, mwenye lori wa Kampala na mama wa Bwera mwenye kapu la maharage hawana lugha nyingine iliyo tayari kwa wote watatu. Siku za gulio mwanafunzi atasikia Kiswahili cha aina ambayo vitabu vyake havikumwandaa. Kisamvu kinaitwa sombe. Mchicha ni lengalenga. Ugali ni bugali. Samaki wa chumvi ni makayabo. Bei hutajwa kwa shilingi au kwa faranga za Kongo, na mama muuza samaki atasema, bila haya yoyote, "hii iko bei nzuri", pale ambapo mwanafunzi amekwisha kukariri upatanisho wa ngeli kwa machozi.

Hapa ndipo mwalimu atapimwa. Akianza kusahihisha sokoni, ziara imekufa. Tunashauri afanye hivi. Kila kundi la wanafunzi wanne lipewe fedha kidogo na agizo la kununua vitu vitano kwa Kiswahili tu. Kila kitu kirudi na majina matatu: jina la kitabuni, jina la Kikongo, na jina la Kikonzo. Atakayetumia Kiingereza hatozwi faini ya fedha. Atasimama mbele ya wenzake na kutega kitendawili, na kisipoteguliwa atapewa mji kama desturi ilivyo, akautembeze mdomo wake katika mji huo apendavyo. Kundi litakalopata punguzo kubwa la bei kwa ulimi wake litatangazwa mshindi, maana kupatana bei ni ufasaha ambao mtihani wa taifa haujapata kuupima. Chakula cha mchana kitokane na manunuzi hayo: obundu wa Wakonzo, sombe iliyotiwa mawese, na samaki. Anayekula akiwa amejinunulia hasahau jina.

Wanafunzi wasivuke mto. Hilo ni suala la hati za kusafiria na la usalama, na ofisi ya wilaya pamoja na polisi waulizwe siku chache kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Mpaka huu unapitisha bidhaa na undugu, lakini umepitisha na mengine. Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka hapa kutoka Kongo, ukagunduliwa Kagando na kuzuiwa Bwera kabla haujaenea. Watoto wataona mahali pa kunawia mikono na kupimwa joto. Waelezwe kwamba onyo la ugonjwa huokoa tu likiwa katika lugha ambayo mpita njia anaielewa.

Na kuna Lhubiriha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa kundi la ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Mwalimu anayeleta wanafunzi Mpondwe hawezi kujifanya kwamba hakusikia, kwa sababu wanafunzi wake walisikia. Tumelijadili jambo hili kwa kirefu miongoni mwetu. Wako waliosema kwamba ziara za wanafunzi zisifike Mpondwe tena. Sisi twaona kwamba kuukwepa mji uliofiwa ni kuuacha peke yake, na kwamba biashara ya soko lile, pamoja na wageni wanaolijia, ni sehemu ya uhai wake. Lakini msiba si kituo cha utalii. Wanafunzi waambiwe habari hii wakiwa bado Kasese, kwa sauti ya kawaida, na wapewe nafasi ya kuuliza. Basi lisisimame langoni mwa shule. Pasipigwe picha. Ikiwa mkuu wa shule ya jirani au viongozi wa mahali watawakaribisha, wanafunzi waende kutoa pole kama wageni wafanyavyo, kwa maneno machache. Yale ya Kiswahili, poleni na mungu awape nguvu, yanafahamika Bwera vizuri.

Kuhusu wakati na gharama, maneno machache yatatosha. Kasese hadi Bwera ni yapata kilometa 50 za lami, kwa hiyo basi moja la kukodi linaweza kufanya kazi yote. Siku ya gulio iulizwe kwanza, kisha ratiba ipangwe kuizunguka. Watu wengi hupanga ratiba kisha wakashangaa kukuta soko tupu. Walimu watatu kwa wanafunzi 40 ni wachache mno katika umati wa Mpondwe; watano ni afadhali. Kofia, maji ya kunywa, na daftari moja dogo linaloingia mfukoni. Simu za wanafunzi zikusanywe sokoni, si kwa sababu ya nidhamu tu, bali mwenye simu mkononi humwonyesha mama muuzaji picha ya kitu anachotaka, na lugha yote tuliyoifuata imekwisha.

Basi liwe limeondoka Bwera saa tisa alasiri, lifike Kasese mchana ungali mweupe. Usiku huo, kabla ya kulala, kila mwanafunzi aandike kurasa mbili kuhusu mtu mmoja aliyezungumza naye: alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyoyatamka. Mwalimu asiweke alama nyekundu juu ya maneno hayo. Azichukue kurasa, azifunge pamoja, na nakala moja iwarudie waliozungumza na watoto, mzee wa Kilembe na mama wa makayabo, kwa mkono wa mwalimu wa Bwera atakayekubali kuipeleka.